Dola Tisa na Senti Arobaini kwa Saa

Lowell Haverkamp hakuwa mcheza kamari. Aliniambia hivyo mara nyingi, hata akiwa ameketi ndani ya nyumba ya kamari, mbele ya mashine ya kamari, na kikombe cha plastiki kilichojaa sarafu za robo dola mapajani. Nami nilimwitikia, "Ndiyo, bwana Lowell," nikamwekea kahawa yake nikaenda zangu. Anayebeba trei halipwi kwa kubishana na watu.

Mwaka ulikuwa 1998, na nyumba yenyewe ni Taa ya Shaba, barabara ya Boulder, upande wa Henderson, mbali na majumba makubwa ya kamari. Watalii hawakufika kwetu ila wamepotea njia. Wateja wetu walikuwa wastaafu, wengine na mitungi ya oksijeni ya magurudumu, waliokuja kwa ajili ya kiyoyozi na pande la nyama ya ng'ombe la dola nne na senti tisini na tano. Lowell alikuwa mmoja wao. Kwa miaka thelathini na mmoja alisoma mita za maji za mji, nyumba kwa nyumba, na aliumwa na mbwa saba ambao mpaka leo anawataja kwa majina. Alistaafu, mwaka uliofuata mkewe Maureen akafariki, na mzee akabaki na macho yaliyozoea kusoma mita bila mita ya kusoma. Akaipata kwetu.

Mita ilining'inia juu ya safu ya mashine nane za poka, karibu na mlango wa choo cha wanaume. Namba nyekundu. Kila mtu alipotia sarafu katika mojawapo ya mashine zile nane, kipande kidogo cha sarafu hiyo kilipanda kwenye mita na namba ikasogea. Atakayepata mkono wa kifalme, yaani kumi, jeki, malkia, mfalme na ree, zote za aina moja, akiwa ametia sarafu tano, anabeba namba nzima, ndiyo jackpoti, na mita inarudi dola elfu moja. Aliyetia chini ya tano anapata visarafu vya kumpoza tu. Hakuna zaidi ya hapo. Mtoto wa darasa la pili angeelewa, na watu wazima ninaowajua wamepoteza gari na nyumba kwa mchezo huo huo.

Wengi walikaa pale kwa sababu wameota ndoto, au kwa sababu mashine "imeiva", au kwa sababu wameachwa na mume. Lowell aliwahurumia. Yeye alikuwa na kadi ndogo kwenye pochi, nyuma ya picha ya Maureen, na juu yake ameandika kwa kalamu ya wino: 2,198.40. Mita ikiwa chini ya namba hiyo, hachezi. Ikifika, anacheza.

Alinieleza asili ya namba ile mara nyingi mpaka nikaikariri. Mashine zetu zilikuwa bahili. Tatu na mbili, yaani karata tatu za namba moja na mbili za namba nyingine, zililipwa nane pale ambapo mashine ya watu wastaarabu inalipa tisa, na karata tano za aina moja zililipwa tano badala ya sita. Kwa hiyo, mita ikiwa chini, kwa kila dola mia unazotia nyumba inakula karibu tatu. Lakini mita ikipanda, mkono wa kifalme unalipa zaidi, na kuna mahali pengo lote linazibika. Hapo wewe na nyumba mko sawa. Ukivuka hapo, nyumba ndiyo inayocheza kamari na wewe uko kazini. Kwa hesabu tupu mahali hapo palikuwa dola elfu mbili mia moja sabini na tano. Lowell akaongeza petroli ya maili nne kuja na maili nne kurudi. Akaongeza bakshishi yangu, robo dola kwa kila vikombe viwili vya kahawa. Kisha akatoa kahawa yenyewe, maana kwetu ni ya bure na nyumbani ingemgharimu. Na jioni moja nzima aliipoteza kwa suala la soli za viatu.

"Kwa hiyo mimi ni faida au hasara?" nilimwuliza siku moja.

Alifikiri kwa heshima zote. "Kwa vikombe vitano kwa siku, Ofelia, nikishatoa bei ya kahawa ya nyumbani, unanigharimu senti kumi na mbili na nusu."

"Kwa siku?"

"Kwa siku. Si mbaya. Usijisikie vibaya."

Sikujisikia vibaya. Nilijisikia kumwagia hiyo kahawa.

Alifika kila asubuhi saa moja, akasimama chini ya mita, akaisoma, akatoa daftari, akaandika. Kisha, kwa kuwa siku karibu zote namba ilikuwa chini, alikwenda kukaa kwenye viti vya keno, ule mchezo wa kubahatisha namba, na gazeti lake mpaka saa sita, akiwatazama wengine wakiipandisha mita kwa pesa zao. Kwa miaka sita alicheza siku thelathini na nne tu. Siku zilizobaki alikaa pale bila kucheza. Nimeona watu wakifilisika haraka zaidi, lakini sijaona mtu aliyeipa nyumba ile maisha yake kwa uaminifu kama yeye, na bado akaamini kwamba hajaipa kitu.

Aliyeweza kumjibu mzee huyo alikuwa Winifred Tuttle. Bibi wa miaka themanini na mmoja, mfupi, mtungi wa oksijeni pembeni, mashine yake ni nambari tano na hakuna aliyethubutu kuikalia. Winifred alicheza sarafu moja moja, polepole, huku akiipigapiga mashine mgongoni.

"Lowell," alimwita siku moja kwa sauti iliyofika mpaka kwenye keno, "marehemu mume wangu alinitongoza miezi mitatu. Wewe mashine hii unaitongoza mwaka wa sita. Ioe basi tupumzike."

"Mama Winifred, kwa hiyo sarafu yako moja moja, jackpoti huipati hata ukiishi miaka mia tatu."

"Na nani kakwambia naitaka? Mimi nalipia kiti na baridi. Wewe unalipia nini?"

"Mimi silipi."

"Ndiyo maana hupati kitu," akasema bibi, akaipiga mashine yake kofi.

Lowell alikuwa na mtoto mmoja, Corinne, msichana wa miaka thelathini na mitatu aliyesafisha meno ya watu kwa daktari mmoja kule Green Valley. Kila Jumamosi alimletea baba yake vidonge vya presha, amevipanga kwenye kisanduku cha siku saba, kwa maana mzee hakusahau namba yoyote duniani isipokuwa idadi ya vidonge vyake. Alikaa naye kwenye viti vya keno nusu saa, hachezi, anasikiliza habari za mita. Alijua kumcheka baba yake bila kumuumiza, na Lowell alisema hilo kalirithi kwa mama yake. Nilimpenda binti yule. Mara nyingine aliponiaga aliniuliza kama baba yake amekula, na nilimdanganya kwamba amekula.

Desmond Ilagan, fundi wa mabasi, alipomchumbia Corinne, Lowell alitangaza mbele yetu sote kwamba gharama ya ukumbi ni yake. Na alilipa kweli. Alilipa kwa pointi za kadi ya uanachama, zile ambazo nyumba inakupa kwa kucheza, na ambazo alikuwa amezilimbikiza katika zile siku thelathini na nne. Pointi zilitosha kukodi kanisa letu dogo la ghorofa ya juu na ukumbi wa pembeni yake, pale juu ya chumba cha bingo, viti hamsini, maua ya kitambaa, Jumamosi saa tano asubuhi kwa sababu asubuhi ni nusu ya pointi za jioni.

Corinne alikubali. Nadhani mwanamke mwingine angekataa kuolewa juu ya bingo. Yeye aliomba jambo moja tu, na aliliomba pale pale kwenye viti vya keno, mimi nikiwa nimesimama na trei.

"Baba, sitaki zawadi. Unishike mkono uniingize, halafu ukae na mimi mpaka mwisho. Siku hiyo moja tu."

"Hilo nalo ni la kuomba?" Lowell akasema. Akatoa daftari, akaandika tarehe. Macho yalikuwa yamemlowa, na alimaanisha. Mita siku hiyo ilisoma elfu moja mia nne.

Kisha mita ikakataa kusimama. Februari yote hakuna aliyepata mkono wa kifalme. Machi ikaingia na elfu moja mia tisa. Watu wakaanza kunong'ona. Jumatatu ya wiki ya harusi, saa moja na dakika arobaini asubuhi, nilimwona Lowell akiinuka kutoka kwenye kiti cha keno, akikunja gazeti mara nne, akitembea bila haraka mpaka mashine nambari sita, karibu na Winifred. Alivua saa akaiweka juu ya mashine. Namba ilikuwa imefika.

Alicheza kama alivyosoma mita, bila furaha na bila huzuni. Mikono mia saba kwa saa, kila mkono dola moja na robo. Akipata hasemi kitu, akikosa hasemi kitu. Alikwenda chooni mara mbili kwa siku. Nyumba yetu ilikuwa na utaratibu: ukitaka kula, unakiinamisha kiti kwenye mashine, mhudumu anaweka kikombe juu, na mashine ni yako kwa nusu saa. Ikipita nusu saa, anayetaka anakaa. Lowell alikuwa anarudi dakika ya ishirini na nane.

Hakuwa peke yake. Kufika Jumatano viti vyote vinane vilikuwa na watu tangu alfajiri, na watatu kati yao sikuwahi kuwaona. Watu wakimya, wenye miwani myeusi, wanaokunywa maji tu. Watu wa hesabu wananukiana. Ijumaa namba ilisoma elfu mbili mia sita na ushee, na wazee walisema haijawahi kufika huko tangu nyumba ijengwe.

Ijumaa hiyo nilimwekea kahawa nikamwambia, "Kesho harusi."

"Najua. Saa tano."

"Utaondoka hapa saa ngapi?"

Hakunitazama. "Hilo nalifanyia kazi, Ofelia."

"Unalifanyia kazi gani? Mtoto wako anaolewa. Unapanda ngazi ya umeme, umefika."

"Sikiliza kwanza kabla hujakasirika." Alicheza mkono mmoja, akaendelea. "Kwa hesabu yangu, kesho saa hiyo mita itasoma elfu mbili mia sita arobaini na moja, na hapo saa moja ya kukaa hapa ina thamani ya dola tisa na senti arobaini. Si bahati, ni mshahara. Sasa, ndoa yenyewe robo saa. Picha, chakula, hotuba, dansi. Saa mbili, pengine tatu. Nitafutie mahali pengine ambapo mzee wa miaka sitini na minane analipwa hivyo akiwa ameketi."

"Na kama hukuupata huo mkono?"

"Kupata au kutopata si hoja. Hoja ni thamani."

Nilimwacha na thamani yake. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilimpelekea mtu wa mashine nambari moja juisi ya nyanya ambayo hakuiagiza.

Jumamosi alfajiri nilimkuta tayari amekaa. Amevaa suti ya kijivu, ya mazishi ya Maureen, imepigwa pasi vizuri, na kifuani lile ua jeupe ambalo Corinne alimpelekea nyumbani jana yake. Kiatu kinang'aa. Nywele zimelala. Kikombe cha sarafu mapajani, kimewekewa kitambaa chini ili suti isichafuke. Nilipata matumaini. Mtu aliyevaa hivyo, nilisema moyoni, anajua anakokwenda.

Saa nne na nusu hakusimama. Saa tano kasoro kumi, kinanda cha juu kilikuwa kimeanza kusikika.

"Lowell," Winifred akasema, "ondoka. Nitakukalia kiti chako."

"Wewe unacheza sarafu moja, mama."

"Nitacheza sifuri. Nitakaa tu, na huu mtungi nitauweka kwenye kiti changu. Atakayetusogelea nitamgongea bomba la oksijeni."

"Tatizo si kiti. Tatizo ni saa." Alicheza mkono mwingine. "Halafu hazianzi kwa wakati. Tangu mwaka jana nimezifuatilia harusi za hapo juu. Kumi na moja kati ya kumi na nne zilichelewa dakika ishirini. Nikipanda saa tano na dakika kumi na nane, niko salama."

"Mungu wangu," Winifred akasema. "Huyu akifa atachelewa kuzikwa."

Zamu yangu ilikuwa imeisha na ruhusa nilikuwa nayo. Corinne alikuwa amenialika kwa kadi yenye jina langu lote. Lakini sikuweza kupanda nikamwacha pale, wala sikuweza kumbeba. Nilisimama na trei yangu tupu. Nikamwona Corinne anashuka kwa ngazi ya umeme.

Gauni lilikuwa refu, ameliinua kwa mkono mmoja. Alipita katikati ya mashine, na watu hawakuinua hata kichwa, maana kwetu bibi harusi si kitu kigeni. Alifika akasimama nyuma ya kiti cha baba yake.

"Baba."

"Nakuja, mama. Dakika kumi."

"Mchungaji ana harusi nyingine saa sita kasoro robo."

"Kumi tu. Hebu tazama mita."

Corinne alitazama mita. Ilisoma elfu mbili mia sita arobaini na moja na senti kidogo. Mimi nilidhani atalia, au atapiga kelele, na nilikuwa tayari kumsaidia kwa lolote kati ya hayo mawili. Hakufanya hata moja. Alimwinamia mzee sikioni, na aliuliza kwa upole, kama alivyokuwa akiuliza siku za Jumamosi kwenye viti vya keno.

"Saa moja hapa ni dola ngapi, baba?"

Uso wa Lowell ulichangamka. "Tisa na senti arobaini."

"Una uhakika?"

"Nimepiga hesabu mara tatu."

"Na saa mbili?"

"Kumi na nane na senti themanini."

Corinne alikuwa amevaa glavu nyeupe ndefu. Aliingiza vidole viwili ndani ya glavu ya kushoto, akatoa noti ya dola ishirini iliyokunjwa, akaifungua, akaiweka juu ya mashine kando ya saa ya baba yake.

"Nakununua," akasema. "Saa mbili. Kuanzia saa tano kamili."

Winifred aliacha kucheza. Lowell aliitazama noti. Nilimwomba Mungu amtie aibu mzee yule, hata kidogo, hata ya kumkwaruza tu. Badala yake niliona mabega yake yakishuka na paji la uso likikunjuka. Wiki nzima watu tulikuwa tukimsemesha kwa lugha ambayo haijui, na sasa mtoto wake mwenyewe amemsemesha kwa yake. Aliichukua noti. Akahesabu robo nne kutoka kwenye kikombe. Akajipapasa mfuko wa suti, huu, kisha huu, mpaka akapata vijisarafu viwili vya senti kumi. Akaziweka zote sita kwenye kiganja cha glavu nyeupe.

"Dola moja na senti ishirini," akasema. "Chenji yako."

Corinne alifumba kiganja. "Asante, baba."

Winifred alihamia mashine nambari sita, na mtungi akauweka kwenye kiti chake.

Sasa nitakuwa mwadilifu, ingawa sijisikii kuwa. Lowell hakuwa mwizi. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuandika mita hata moja ya uongo, hata palipokuwa na mbwa, na alichokuwa amelipwa alikitoa chote. Alimshika bintiye mkono akamwingiza taratibu, kifua mbele. Mchungaji alipouliza nani anamtoa mwanamke huyu, alijibu "Mimi, na mama yake," na kanisa zima likapangusa macho. Ukumbini alihutubia bila karatasi, akasimulia jinsi Corinne alivyokuwa na miaka mitano akafuatana naye kusoma mita mtaa mzima, na kila nyumba akaandika namba saba kwa sababu ndiyo pekee aliyojua kuiandika. Watu walicheka mpaka wakakohoa. Shangazi za Desmond walikuwa wameingiza masinia ya sambusa zao nyembamba, lumpia, chini ya meza, kwa kuwa nyumba hairuhusu chakula cha nje, naye alikula na kuuliza zinavyokunjwa. Alicheza dansi na bintiye. Alimkanyaga gauni, akamwomba radhi, Corinne akaegemeza kichwa begani pake. Nilimwangalia uso binti yule wakati ule. Alikuwa na furaha tupu, haikuchanganyika na kitu.

"Baba kama huyu hapatikani siku hizi," shangazi mmoja aliniambia.

"Ni ghali," nikamjibu, naye akatikisa kichwa kukubali.

Habari ya jackpoti niimalize hapa hapa, nisije nikaulizwa. Aliipata yeye. Ilikuwa Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi: kumi, jeki, malkia, mfalme na ree, zote za shupaza, sarafu tano ndani, dola elfu mbili mia sita themanini na nane na senti kumi na tano. Katika muda wote aliokuwa harusini hakuna mwingine aliyeigusa. Mwanamke wa ofisini alikuja na karatasi za kodi, wakamlipa noti kwa noti, akatoa bakshishi ambayo alikuwa ameshaihesabu. Kwa hiyo mtu yeyote asije akaniambia kwamba hesabu ya Lowell ilikuwa na kasoro. Nimeipitia mimi mwenyewe, kwenye meza yangu ya jikoni, mara mbili. Ilikuwa sahihi.

Narudi ukumbini. Mpiga picha alikuwa amechelewa kwa sababu ya harusi nyingine, na picha ya familia ilikuwa haijapigwa. Ilipokaribia saa saba alianza kutupanga mbele ya pazia la bluu: shangazi kwa urefu, Desmond na wazazi wake kulia, Corinne katikati, Lowell kushoto kwake. Shangazi mmoja alitaka kukaa, mwingine hakutaka kusimama karibu na yule aliyetaka kukaa. Mpiga picha alikuwa na subira. Mimi nilikuwa pembeni, nimevaa sare yangu ya kazi kwani sikupata muda wa kubadilisha, nimeshika sahani ya keki.

Nilimwona Lowell akitazama saa yake. Corinne naye alimwona. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikaingia polepole ndani ya glavu ya kushoto, na ncha ya noti nyingine ikachungulia. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa amekuja kwenye harusi yake na noti mbili.

"Saa saba," Lowell akasema. Hakusema kwa ubaya. Alimbusu bintiye kwenye paji la uso, akamshika mashavu yote mawili. "Umependeza sana, mama. Mama yako angefurahi. Nimemaliza muda wangu, na Winifred kule chini hawezi kushikilia kiti siku nzima."

"Picha, baba," Desmond akasema. "Dakika mbili tu."

"Pigeni, pigeni. Mimi mnanijua sura."

Akawapa mkono wazazi wa Desmond, akachukua lumpia mbili kwenye karatasi, akaondoka kwa ile hatua yake isiyo na haraka. Mlango wa ukumbi ulipofunguka sauti ya mashine iliingia mpaka ndani, kisha ukafungwa.

Noti ilikuwa bado katikati ya vidole vya Corinne. Nilisubiri amkimbilie. Kama angekimbia angemkuta kwenye ngazi, na mzee angerudi, naapa angerudi na angetabasamu kwenye picha saa mbili nzima. Corinne aliisukuma noti ndani ya glavu, akailaza vizuri.

"Tumngoje mzee?" mpiga picha akauliza.

"Hapana. Ofelia, njoo usimame hapa."

"Mimi? Nimevaa aproni."

"Njoo."

Nikaweka sahani chini nikaenda kusimama kushoto kwake. Alinishika mkono, na ndani ya kiganja chake bado kulikuwa na zile sarafu sita. Nilizisikia kupitia glavu. Alikuwa amezishika tangu saa tano, wakati wa kiapo, wakati wa dansi, wakati wote.

"Nilitaka kumpa nyingine," aliniambia kwa sauti ya chini, macho mbele kwa mpiga picha. "Nikaona atanirudishia chenji tena."

Mpiga picha alituomba tutabasamu. Kwenye picha ile Corinne anatabasamu vizuri kabisa. Anayelia ni mimi.